Mikono ya Mama Yako na Jani la Sale

Kibosho, Ijumaa jioni

Mwanangu Veronika,

Barua huandikiwa mtu aliye mbali, na wewe uko hapo jikoni kwa shangazi yako, karibu kiasi kwamba moshi wa kuni zenu unaniwasha macho. Namsikia Skolastika akikuonyesha namna ya kushonea fedha ndani ya pindo la gauni, nawe unacheka. Nikikohoa tu, unanyamaza. Basi nimeona kumbe uko mbali kuliko nilivyodhani, nikachukua kalamu.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji, wala za wanaume wa kwenye treni, wala za kusali rozari. Hayo shangazi yako ameyamaliza wiki nzima, tena kwa sauti ambayo hata ng'ombe wa jirani sasa wanajua wasizungumze na mtu wasiyemjua. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni la Jumapili.

Jumapili baada ya misa ulikuwa unakunja nguo zako kitandani, ukaniambia bila kunitazama, "Baba, naomba niende na mikono ya mama." Nilijua unachotaka. Ni karatasi ile ya buluu iliyoko kwenye sanduku la mahindi, yenye viganja viwili vyeupe na jani refu katikati. Picha ya uso wa mama yako hatuna. Hatukuwahi kwenda kwa mpiga picha wa mjini. Kila mwaka tulisema tutakwenda kahawa ikiuzwa, na kahawa iliuzwa na hatukwenda. Kwa hiyo karatasi ile ndiyo yote iliyobaki ya umbo lake hapa duniani. Nami, badala ya kujibu kama mzazi, nikasema, "Ulishamkata mama yako kidole. Sasa unataka kumalizia mkono?"

Uliliweka chini gauni, ukatoka, ukaenda zako kwenye migomba. Tangu hapo unanijibu "ndiyo, baba" na "hapana, baba", kama karani anayewajibu watu kupitia dirisha dogo. Shangazi yako alinitazama akasema kwa Kichagga neno ambalo sitaliandika hapa, ila nililistahili.

Kesho asubuhi unashuka Moshi kupanda treni ya Tanga, kwenda chuo cha ualimu, na likizo iko mbali. Sitaki ukae kule na sentensi ile masikioni. Wanasema neno likitoka halirudi. Ni kweli, lakini neno jingine linaweza kutumwa nyuma yake likalishika njiani, na hilo ndilo ninalojaribu jioni hii kabla mwanga haujaisha.

Karatasi ile umeiona tangu utoto, ila habari yake nimekusimulia nusu tu, ile nusu inayonipendeza mimi. Leo pokea iliyobaki.

Unajua nilikuwa mchapa ramani kwenye ofisi moja ya serikali kule mjini. Watu wa huku walidhani ninachora. Sikuwa nachora, nilikuwa naanika. Mchoraji, Mgoa mmoja mpole mwenye kikohozi, alichora barabara na madaraja juu ya karatasi nyembamba inayopitisha mwanga, na mimi nikatoa nakala zake kwa jua. Kazi yote ilitegemea chumvi ya chuma. Usifikiri ni chumvi ya kutia mchuzini. Ni magamba membamba ya rangi ya kijani na kahawia, nayo asili yake ni chuma kama hiki cha jembe na panga, ila mafundi wa Ulaya wamekiyeyusha kwa ukali kama wa ndimu wakakigandisha upya. Hukaa kwenye chupa nyeusi, ndani ya kabati, kwa sababu mwanga unaiharibu na unyevu unaigeuza uji. Ina mwenzake, chumvi nyingine nyekundu kama kahawa iliyoiva. Kila moja unaiyeyusha kwa maji yake, kisha ndani ya chumba cha giza unazichanganya, unazipaka kwenye karatasi kwa brashi, unaacha zikauke. Karatasi inakuwa ya manjano yenye ukijani, si kitu cha kupendeza. Ukiilaza juani chini ya mchoro, pale mwanga ulipopita panageuka buluu, na pale mstari wa wino ulipozuia panabaki peupe. Unaiosha kwa maji matupu hadi maji yatoke safi, basi, ramani imezaliwa.

Yule Mgoa alinifundisha adabu ya vitu hivyo kabla ya kunifundisha kazi. "Hii ya kijani itakuchafua shati na vidole," alisema, "ila si chakula. Usiionje, na watoto wasiifikie. Hii nyekundu ukiiheshimu ni mpole. Lakini usiikutanishe na tindikali, wala usiitupe motoni. Itatoa hewa mbaya, na hutapata hata nafasi ya kujuta." Nikamsikiliza. Sikuwahi kula chochote katika chumba kile. Brashi zangu hazikufanya kazi nyingine, na mabakuli niliyatia alama ya msalaba kwa rangi, mfagizi asije akayanywea chai. Kazini nilikuwa mtu mwangalifu kuliko wote. Ningekuwa hivyo nyumbani, barua hii isingekuwepo.

Maana nyumbani nilikuwa mjinga. Nilipopata kazi ile nilinunua mashati meupe, nikapanga chumba mjini, na taratibu nikaacha kupanda mlima siku za Jumamosi. Nilisema barabara ina matope. Barabara ya Kibosho ina matope tangu enzi za babu yangu, lakini mimi ndiye niliyeyagundua. Mama yako akabaki na kihamba, shamba letu la migomba na kahawa, na ng'ombe, na wewe mgongoni. Ikafika zamu yetu ya maji ya mfereji, siku ambayo mwanamume wa nyumba huamka mapema kwenda kuyafungulia kule juu na kuyalinda yasichepushwe. Sikuja. Zamu ikapita, maji yakaenda kwa wengine, na miche ya kahawa aliyoipanda kwa mkono wake ikakauka. Akatuma mtu mjini aniulize kulikoni. Nikamjibu yule mtu mbele ya wenzangu, "Mwambie mimi ni mtu wa ofisi, si mtu wa mfereji."

Na kazi niliyokuwa nayo mkononi wiki ile, mwanangu, ilikuwa kuchapa ramani ya mifereji ya Kibosho.

Baada ya jibu hilo mama yako hakutuma neno tena. Hata ndizi aliacha kuniletea. Ukimya wake ule ndio niliousikia tena ndani ya nyumba hii tangu Jumapili, nikajua umeurithi wapi.

Mila ya jani la sale unaijua. Aliyekosa huenda kulikata, akalipeleka kwa yule aliyemkosea, na aliyekosewa akishaliona mkononi mwa mwenzake hana njia, lazima asamehe. Hata ugomvi wa damu umewahi kumalizwa kwa jani lile. Nilijua kabisa kwamba wa kulikata ni mimi. Kila siku nikasema kesho. Niliona aibu, na aibu ya mwanamume aliyeanza kuvaa shati jeupe ni nzito kuliko gunia la kahawa.

Siku moja jua likiwa kali, nikiwa uani nyuma ya ofisi, nikamwona mama yako anaingia langoni na wewe mgongoni umelala. Amevaa gauni lake la kanisani, vumbi limempanda hadi magotini, maana alitembea kutoka Kibosho kwa miguu. Mkononi ameshika jani la sale.

Nikababaika. "Mama Veronika, wewe umekosa nini?"

"Mimi sijakosa kitu," akasema. "Hili ni jani lako."

"Langu vipi?"

"La kuniomba msamaha. Nilijua huna nafasi ya kwenda kukata masale, mtu wa ofisi. Basi nimekukatia." Akaniwekea mkononi, akarudi nyuma kidogo, akasimama wima kama mtu anayengoja wageni wake. "Haya, Baba Veronika. Nipe."

Nikampa. Akalipokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akasema, "Nimekusamehe. Jumamosi uje, zamu ya maji imerudi." Ndipo akacheka, na mimi nikalia palepale uani, mfagizi akinitazama.

Nusu uliyokuwa unaijua inaanzia hapa. Nilikuwa na kipande cha karatasi iliyopakwa, kilichobaki kwenye kazi ya asubuhi. Sijui nini kilinituma kukitoa. Nadhani niliogopa kwamba nikimwacha aondoke hivihivi, nitaamka kesho yake na kuona nimeota. Nikakilaza juu ya ubao juani, nikamwambia aweke mikono yake hapo, na jani katikati.

"Itaniuma?" akauliza.

"Haiumi."

"Sasa mbona unaniambia nisijishike usoni?"

Nikamweleza habari ya chumvi ya chuma, kwamba si sumu ya kumwangusha mtu kwa kuigusa, ila haitakiwi mdomoni, na kwamba akimaliza ataosha mikono kwa sabuni, aoshe tena, ndipo akushike wewe. Akanisikiliza kwa makini, kisha akasema, "Kumbe ukitaka unajua kutunza watu." Mama yako alikuwa hivyo. Anakusamehe kabisa, halafu anakuchoma kidogo upate kukumbuka.

Wingu la mlimani likapita juu yetu, nikamwomba avumilie jua lirudi. Alikuwa amepiga magoti, mikono imenyooka mbele, hatikisiki. Wewe ukaamka, ukalia. Akainua kidogo dole gumba la kulia, akitaka kukupapasa, akakumbuka, akalirudisha. Ndiyo maana dole gumba lile lina ukungu wa buluu pembeni. Umewahi kuniuliza mbona pale hapakutoka vizuri, nikakujibu kwamba karatasi ilikuwa mbovu. Karatasi haikuwa mbovu. Ukungu ule ni kilio chako. Na wewe umo katika karatasi ile, Veronika, umekuwamo tangu siku ya kwanza.

Nilipoiosha, mikono ikatokea myeupe kwenye buluu. Akaitazama muda mrefu. "Kumbe nina vidole virefu hivi," akasema, kama anayemsifu mtu mwingine. Na pamoja na sabuni yote ile, jasho la viganja lilikuwa limeshakunywa chumvi. Akapanda mlima, na kufika nyumbani viganja vimegeuka buluu. Jumapili kanisani wanawake wakamuuliza amepatwa na nini. Akawajibu, "Nilikwenda mjini kumfua mume wangu, amechuja rangi." Walinicheka Kibosho nzima mpaka mavuno. Jumamosi ile nilikwenda, na Jumamosi zote zilizofuata, na matope sikuyaona tena.

Tulipewa miaka michache mizuri. Kisha ukaja ule mwezi wa saba wa baridi kali, homa ya mapafu ikamchukua. Ulikuwa na umri wa kukumbuka harufu yake lakini si sura yake. Uliniambia hivyo mwenyewe siku moja tukichuma kahawa, nikajifanya sikusikia, nikahamia mbuni mwingine.

Baada ya mazishi niliitundika karatasi ile kando ya dirisha, pale mwanga wa asubuhi unapoingia, ili nikifungua macho niione. Niliitazama nikiamka, nikaitazama nikivaa, nikarudi mlangoni kuitazama tena. Mimi, mtu niliyekula mkate kwa sababu ya kujua kazi ya mwanga, sikufikiri kwamba mwanga uliomleta unaweza kumwondoa. Buluu ikaanza kupauka. Kila wiki ikapungua, mpaka mikono na kilichoizunguka vikakaribia kuwa kitu kimoja. Asubuhi moja ulisimama juu ya kigoda ukaichungulia, ukaniambia, "Baba, mama anaondoka tena."

Shangazi yako ndiye aliyeing'oa ukutani. "Mae! Hata marehemu unamwanika?" akafoka, akaitia katika sanduku la mahindi, lile lenye mfuniko usioshika vizuri, akaniapia kwamba nikilifungua atanikata mkono. Nilimwogopa, kama unavyomwogopa wewe. Kwaresima ikapita. Siku ya Pasaka akalifungua mwenyewe, akaniita. Buluu ilikuwa imerudi. Si yote, lakini vidole vilionekana, na mishipa ya jani, na ukungu wako. Nilikaa chini nikaililia kuliko nilivyomlilia mama yako siku ya kaburi, maana siku ile nilikuwa na wageni. Mgoa alinieleza baadaye kwamba ndivyo buluu ya chuma ilivyo: mwanga ukiichosha, iweke gizani, ipate hewa, itajirudi yenyewe polepole. Mimi nilikuwa nimedhani kwamba kumpenda mtu ni kutoondoa macho.

Sasa nifike kwenye kidole.

Ulikuwa umeanza shule. Shangazi alikuwa anapika kiburu cha ndizi na maharage, na kitambaa kilikuwa kimelowa maji ya magadi ya kulainishia maharage. Ukafungua sanduku umwamkie mama yako, ukaona masizi yamedondoka karibu na kidole chake kidogo cha kushoto. Ukachukua kitambaa kile ukamfuta. Buluu iliyokizunguka kidole ikaliwa palepale, ikabaki manjano, na kidole kikapotea ndani yake. Nilirudi nikakuta hivyo. Nilipiga kelele mpaka ukajificha kwenye zizi nyuma ya ng'ombe, na ulipotoka ulikuwa na majani kichwani na hukulia. Tangu siku ile hukuigusa tena karatasi. Ukitaka kuiona ulimwomba shangazi aishike, nawe ukaweka mikono nyuma.

Jambo ambalo sikukwambia ni hili. Nilijua. Kule ofisini, ramani ya buluu ikiwa na kosa, huwezi kuisahihisha kwa penseli wala kwa wino. Unachovya kalamu kwenye maji ya magadi unaandika, magadi yanakula buluu, herufi zinabaki nyeupe zenye umanjano. Hiyo ilikuwa kazi yangu ya kila siku. Hakuna mtu katika mlima huu aliyejua kuliko mimi magadi yanafanya nini kwenye karatasi ile, na nyumba yetu haikosi magadi karibu na jiko. Mabakuli ya serikali niliyatia msalaba. Mwanangu mwenyewe sikumwambia hata neno. Kisha nikamwachia mtoto wa darasa la kwanza mzigo wa kosa hilo, na Jumapili nikamtwisha tena akiwa mtu mzima.

Mtoto aliyemfuta mama yake masizi hana kosa. Jina lako nilikuchagulia mimi, la yule mwanamke wa kwenye Njia ya Msalaba, aliyetoka katika umati kwenda kufuta uso wa mtu. Ulifanya kazi ya jina lako. Mwenye kosa ni mimi.

Na kwa nini nilikujibu vile? Si kwamba niliogopa utaiharibu. Niliogopa sanduku. Nilijiona Jumamosi ya kesho nimerudi kutoka stesheni, nafungua mfuniko, hamna mikono ya mama yako, nageuka, na wewe pia hupo. Nikakuuma ili nisikuombe ubaki. Kukuomba ubaki ningeona aibu, na ile aibu yangu ya zamani ndiyo hiyohiyo, imebadili shati tu.

Nitakukosa, Veronika. Naliandika wazi kwa sababu kinywa changu hakiliwezi. Nitakosa ndara zako zikipiga ngazi ya mawe asubuhi, na namna unavyomgombeza ng'ombe kama mwenzako wa darasa. Nitakosa kusikia unakatiza wimbo katikati na kuanza mwingine, jambo ambalo limeniudhi miaka yote. Watu wananiambia nitazoea. Sijui kwa nini wanadhani hiyo ni faraja. Mimi sitaki kuzoea. Nataka nikisikia lori limesimama pale njia panda, kila mara, nitoke kuangalia.

Juzi nilifikiri nikutolee nakala, nibaki na moja. Haiwezekani. Ofisi siku hizi ina mashine mpya na karatasi zinazonuka amonia, na ile chupa yangu ya chumvi ya chuma niliyokuja nayo nyumbani imevuta unyevu ikaganda kama lami. Hata ingekuwa nzima, ningelazimika kumlaza mama yako juani tena, na hilo nimeshalifanya mara ya kutosha. Chupa nimeifunga vizuri, nitaipeleka kwa wenye kazi zao, isije ikaangukia mikono ya watoto wa jirani. Karatasi iko moja, nayo ni yako. Nimeifunga ndani ya bahasha ya karatasi ngumu, iko chini ya barua hii.

Usiitundike. Iache sandukuni kwako, kati ya nguo, mahali pa giza panapopata hewa. Itazame Jumapili, au siku ambayo dunia imekuonea. Isiguswe na sabuni, wala majivu, wala magadi; vumbi lipulize kwa mdomo tu. Na ukiona imepauka, usilie kama baba yako. Ifunike, uendelee na masomo, itarudi. Wenzako wakikuuliza mbona kidole kimoja hakipo, waambie palifutwa na mtu aliyempenda. Halafu waonyeshe dole gumba.

Jua limeshuka nyuma ya migomba, na sasa namsikia Skolastika anakuambia habari ya wanaume wa kwenye treni kwa mara nyingine. Nitampa barua hii akupe kabla hujalala. Sihitaji uje kunijibu usiku huu.

Ila asubuhi utakapofungua mlango utanikuta nimesimama nje. Nitakuwa nimevaa koti, na huenda nikazungumza upuuzi kuhusu matope ya barabara. Usinisikilize. Tazama mkononi mwangu, kisha nyoosha mikono yako yote miwili, kama mama yako. Leo mchana nilikwenda kaburini kwake, kwenye masale tuliyompandia. Jani nimelikata mwenyewe.

Baba yako